Gari la Kuvua Kofia

Nililinunua Februari, mwezi wa kununua makoti,
kwa Bwana Thackray wa Hessle, aliyeniuzia
huku akilipapasa bonetini
kama mtu anayeagana na punda wake.
"Halina neno," alisema, "ila mvua."
Hull hii, ukishasema ila mvua,
umebakiza nini?

Milango miwili. Viti viwili.
Paa la kitambaa cheusi, na dirisha la nyuma la plastiki
lililofifia kama jicho lenye mtoto wa jicho.
Mke wangu Mwanamvua alilizunguka mara moja.
"Watoto watatu," akasema. "Tumwache nani?"
Akarudi ndani kukunja nguo.

Hasara kwanza, maana ndizo zilizotangulia.
Bima ilipanda kama homa ya usiku.
Kwenye mshono, juu ya bega langu la kulia,
hudondoka tone,
likafikiri kidogo,
likaja jingine.
Zulia linanuka mbwa, na sijawahi kufuga mbwa.
Barabara kuu, nyuma ya malori yanayowahi meli,
huwezi kujisikia hata ukijisemea.
Miguu inaungua kwa hita, masikio yanaganda.
Shakwe wa Hornsea aliniona niko wazi
akafanya la kwake, katikati ya usukani.
Na usiku mmoja wa mechi mtu alilipasua paa kwa kisu
akachukua glovu, sarafu za maegesho
na tasbihi ya plastiki.
Mlango, lazima niseme, sikuwa nimeufunga.

Basi nilikwisha kuandika tangazo la kuliuza.
Kisha Aprili jua likatoka, bila taarifa,
nami nikavuta kitasa, nikasukuma, likajikunja.

Miaka kumi na moja nimepita Spring Bank
ndani ya magari yenye vichwa vyao,
na watu, kwa adabu, waliniinulia kidevu.
Siku ile, taa nyekundu,
bibi mwenye kikapu cha magurudumu akainama:
"Unaenda ufukweni, kijana?"
Nina miaka hamsini na miwili.
Nikasikia harufu ya mkate, ya nyasi zilizokatwa,
nikamsikia ndege mweusi juu ya bomba la moshi
akigombana na mtaa mzima.
Vyote hivi vilikuwapo. Nilikuwa na bati juu yangu.

Lakini nyumba isiyo na dari haichagui cha kuingia.
Taa ileile, wiki ileile,
kijana kwenye gari la mafundi bomba akapaza sauti:
"Rudi kwenu!"
Nikamjibu, "Ndiko niendako. Newland Avenue,
juu ya duka la funguo."
Mkono wangu ulitetemeka kwenye gia
mpaka taa ya tatu.

Julai mama alikuja kutoka Pangani.
Alilitazama gari, akanitazama mimi.
"Umelipa zima, wakakupa nusu?"
Akafunga mtandio mafundo mawili chini ya kidevu
akapanda, kama anayepanda kiti cha daktari wa meno.

Katikati ya daraja la Humber mvua ikaanza.
Paa hili halifungwi gari likitembea,
na darajani hakuna kusimama.
Nikasema, Mama, nisamehe.
Yeye alikuwa ameinua uso,
anazifuata zile nyaya kwa macho hadi zilikoshikwa juu,
matone yakimkaa kwenye miwani.
"Kumbe mvua ya huku ni nyembamba," akasema,
na asiseme lingine mpaka Barton.

Jumapili, Mwanamvua alinyoosha mkono, akataka funguo.
Nikamwuliza: na watoto? Tumwache nani?
"Leo," akasema, akimshika mama kiwiko,
"tunawaacha nyinyi."

Tukabaki dirishani, mimi na watatu wangu,
tukalitazama likivua kofia pale kona,
mitandio miwili, ya njano na ya samawati,
na kule Hornsea, juu ya bahari,
wingu kubwa jeusi lililokuwa likiwangoja.
Sikuwapigia simu kuwaambia.